Minyororo ya Theluji Katika Matope ya Kolwezi

Minyororo ya kufungwa kwenye magurudumu ya motokaa ni chombo cha nchi za theluji. Katika milima ya Uswisi, ya Austria na ya Ufaransa, husimamishwa kando ya barabara kibao cha duara chenye rangi ya buluu, na ndani yake picha ya gurudumu lililofungwa mnyororo. Maana yake ni kwamba asiyefunga minyororo asipite. Nani basi angedhani kwamba chombo hicho kingepata kazi huku Kolwezi, ambako hata mzee wa miaka tisini hajapata kuona theluji ikianguka? Lakini sisi tuliona kwa macho yetu, katika safari moja ya mwezi wa Januari, na tena tulijifunza jambo ambalo tumeona yafaa kuwaandikia.

Kwa wale ambao hawajafika, Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kutoka Lubumbashi ni mwendo wa kilometa kama 300. Ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1930, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoyaendeleza machimbo ya shaba ya upande wa magharibi. Mwaka 1967 machimbo hayo yalitwaliwa na serikali. Mgeni anayeingia mjini huona kwanza mashimo mapana yaliyochongwa ngazi kwa ngazi, na vilima vya mawe yaliyotupwa. Kisha hukutana na malori marefu yaliyobeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti, yakielekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi ya Kongo, na sehemu kubwa hutoka katika ardhi hii ya Lualaba. Madini hayo huenda kutiwa katika betri za magari mapya ya ng'ambo.

Lakini ukiacha barabara kuu na kushika njia ya udongo, husafiri tena katika nchi ya migodi. Wasafiri katika nchi ya mvua. Mvua za huku huanza karibu na mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Katika majira hayo ardhi ina nyuso tatu, na dereva asiyezitambua atalala porini. Juu ya uwanda wa Manika kuna mchanga mwepesi, na nyasi fupi zimeenea mpaka upeo wa macho. Ndani ya misitu ya miombo kuna udongo mwekundu, na vichuguu vya mchwa virefu kuliko nyumba. Udongo huo ukilowa huteleza kama sabuni. Na mabondeni kuna dembo, yaani mbuga tambarare zisizo na miti, ambazo wakati wa masika hujaa maji na kuwa tope jeusi lisilojulikana kina chake.

Njia hiyo ndiyo iliyotungoja. Tulikuwa watu watatu: muuguzi mmoja, mwalimu kijana mwenye motokaa, na sisi tunaoandika. Tulikuwa tumeombwa kupeleka chanjo za watoto katika zahanati ya kijiji kimoja upande wa Mutshatsha. Chanjo hizo hukaa katika sanduku lenye vipande vya barafu, na joto la ndani halina ruhusa kupita nyuzi 8 wala kushuka chini ya nyuzi 2. Barafu ikiyeyuka yote kabla ya kufika, dawa huharibika, na kina mama waliotembea kutwa nzima na watoto mgongoni hurudi nyumbani mikono mitupu. Gari kubwa la kawaida lilikuwa gonjwa. Likabaki gari dogo la mwalimu, moja la yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa Afrika, lenye kuvutwa na magurudumu ya mbele.

Siku mbili kabla ya safari tulikwenda sokoni kutafuta kamba, sepetu na jeki. Huko mwuza vyuma mmoja alituonyesha minyororo minene, mizito hata mtu mmoja aliinyanyua kwa shida. Mwalimu akaipenda mara moja.

“Hii ndiyo minyororo!” akasema. “Tope gani litaishinda?”

Tulikubali, kwa maana sisi nasi tulihukumu kwa macho. Bei ilikwisha kupatana, na fedha zilikuwa mkononi, muuguzi alipotukumbusha kwamba gari halijaonwa na fundi. Tukamwomba mwuza vyuma atungoje, tukaenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa Manika, ambaye amefanya kazi ya magari tangu ujana wake.

Mzee yule hakuuliza habari za minyororo. Aliuliza, “Mwalimu, nyuma ya gurudumu lako kuna nafasi kiasi gani?”

Mwalimu akajibu, “Baba, sijui. Sijapata kutazama.”

“Basi utanunuaje nguo bila kujua mwili?”

Akafungua buti la gari apate kutoa jeki. Chini ya gurudumu la akiba akakuta kijisanduku kilichoandikwa kijapani, ambacho mwalimu hakuwahi kukifungua tangu anunue gari. Ndani yake mlikuwa na minyororo miwili, myembamba na myepesi, kana kwamba ni mapambo. Mwenye gari wa kwanza, huko Japani kwenye theluji, aliisahau humo, nayo ikavuka bahari hadi Kolwezi. Mwalimu akacheka. Alisema vitu vile ni vya kufungia mbuzi.

Hapo mzee akatupa somo, nasi twaliandika kama tulivyolipokea.

Mnyororo wa gurudumu haufanyi kazi kwa unene wake. Hufanya kazi kwa sababu vyuma vyake vilivyokingama juu ya tairi huuma ardhi, kama kucha za mguu zinavyouma utelezi. Tena inasimuliwa kwamba chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya matope kama kilivyozaliwa kwa ajili ya theluji. Mmarekani mmoja, Harry D. Weed wa mji wa Canastota katika jimbo la New York, aliwaona madereva wa siku zile wakizungusha kamba na mitambaa ya mimea kwenye matairi yao ili wasiteleze; akabuni minyororo badala yake, na mwaka 1904 akapewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Kwa hiyo anayefunga minyororo katika tope la Lualaba hafanyi jambo la ajabu.

Lakini magari ya siku za Weed yalikuwa na magurudumu yaliyosimama mbali na mwili wa gari. Magari madogo ya leo sivyo. Tairi limesukumwa ndani ya madigadi, na upande wa ndani, karibu sana na mpira, kuna kikombe cha springi, kuna mpira wa breki unaopitisha mafuta, na kwenye magari mengi kuna waya mwembamba wa kupima mwendo wa gurudumu. Mnyororo mnene ukizunguka humo hugonga. Ukigonga springi, hukata chuma. Ukigonga mpira wa breki, huukata kama kisu, na dereva hujua habari hiyo mteremkoni, anapokanyaga breki na kukuta mguu unazama bure.

Jinsi ya kupima ni rahisi, wala hakutaki mashine. Mzee aliliacha gari chini, bila kulinyanyua kwa jeki, akatuamuru tukae ndani sote watatu pamoja na mizigo. Kwa kuwa gari lililonyanyuliwa springi zake hunyooka, na kipimo chake hudanganya. Akafinyanga udongo mbichi, akaubandika penye nafasi iliyo nyembamba kuliko zote kati ya tairi na springi, akautoa taratibu na kuupima kwa rula ya shule. Milimita 22. Akafanya vivyo hivyo kati ya uso wa tairi na chuma kilicho juu yake. Milimita 41. Kisha akamwambia mwalimu azungushe usukani mpaka mwisho, kwanza kulia, halafu kushoto, naye akapima upya kila mara. Maana magurudumu ya mbele hugeuka, na mahali palipo wazi gari likielekea mbele huweza kubanwa gari likipinda.

Wahandisi wa magari wa Marekani wameigawa minyororo kwa madaraja. Daraja la S, lililowekwa kwa magari yenye nafasi ndogo, hutaka milimita 37 juu ya uso wa tairi, na milimita 15 ubavuni. Daraja la U, la magari yenye nafasi ya kutosha, hutaka milimita 50 juu na 23 ubavuni. Linganisha, msomaji, na vipimo vyetu. Ubavuni tulipungukiwa na milimita moja tu kwa daraja la U, na juu tulipungukiwa na tisa. Nayo ile minyororo ya sokoni, ambayo ilikuwa ya malori, ilikuwa minene kupita hata hilo. Bali kijisanduku cha Kijapani kilikuwa na herufi S. Mzee akasoma pia nambari zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, akazikuta katika orodha iliyobandikwa juu ya kijisanduku. Minyororo ile ya kufungia mbuzi ndiyo iliyokuwa minyororo yetu.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Nasi twasadiki, kwa habari ya jembe. Lakini mchagua mnyororo asipochagua, si dereva.

Jioni ile tulijizoeza kuifunga uani, kwenye ardhi kavu, mara tatu. Mzee alisisitiza sana jambo hilo: anayefunga minyororo kwa mara ya kwanza katika tope, usiku, mvua ikinyesha, huifunga vibaya. Ncha iliyolegea hata kwa urefu wa kidole hupiga huku na huku, na ule upana wa nafasi tulioupima kwa taabu hauna faida tena.

Tuliondoka alfajiri. Barabarani tulikutana na watu wa baiskeli wakisukuma magunia ya makala kuelekea mjini, wamelowa hadi mifupani, nao wakatusalimu kwa furaha kana kwamba jua linawaka. Tulipoacha barabara kuu, njia ilipanda kwanza katika mchanga. Mwalimu alitaka kufunga minyororo pale pale, lakini mzee alikwisha kutuonya: katika mchanga mwepesi mnyororo ni jembe, huchimba, na gurudumu huzama mpaka ekseli. Katika mchanga tulipunguza upepo wa matairi kidogo, tukapita polepole bila kusimama. Mbele yake, tulipofika kwenye ardhi ngumu, tuliyajaza tena kwa pampu ya mkono, kwa kuwa mnyororo hufungwa juu ya tairi lenye upepo wake kamili.

Udongo mwekundu ulianza penye miti. Hapo tulisimama mahali tambarare, kabla ya mteremko, tukafunga minyororo kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayosukumwa na injini. Baada ya mita mia moja hivi tulisimama tena tukaikaza, maana siku zote hulegea ikishakaa mahali pake. Watengenezaji wengi hukataza kupita kilometa 50 kwa saa. Sisi hatukufika hata 20. Gari lilishika njia vema, na mwalimu hakusema tena habari za mbuzi. Hata hivyo mteremkoni tulikwenda kwa gea ya kwanza na bila kukanyaga breki kwa nguvu, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayakuwa na kitu, na mkia wa gari ulitaka kutangulia.

Chini ya mteremko wa pili tulikuta gari dogo kama letu, limeegemea ukuta wa udongo kando ya njia. Dereva wake, baba wa makamo, alikuwa ameketi juu ya jiwe, na mkewe amempakata mtoto chini ya mwavuli. Alikuwa amefunga minyororo minene. Mmoja ulikuwa umekata mpira wa breki wa upande wa kushoto, na mafuta yamemwagika juu ya rimu. Alipoona gari halisimami, aliligeuza likaugonga ule ukuta wa udongo, naye alifanya vema, kwani upande wa pili palikuwa na korongo. Hakuna aliyeumia. Mwalimu aliitazama ile minyororo kwa muda mrefu bila kusema neno. Ilikuwa sawa na ile ya sokoni, ambayo siku mbili kabla alikwisha kuihesabia fedha.

Tuliwasaidia kulitoa gari njiani, tukampa baba yule kamba. Mama na mtoto tuliwachukua hadi kijiji cha mbele, kwa jamaa zao. Mama mwenye nyumba alitupa bukari na sombe, akatukaripia kwa kutaka kuondoka kabla ya kunawa mikono. Muuguzi alitazama kipimajoto cha sanduku: nyuzi 5.

Saa nane mchana tulifika penye dembo. Njia iliingia ndani ya maji na kutokea ng'ambo, mbali kadiri ya mita mia mbili. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa na imani kubwa katika minyororo yake, alitaka kujaribu. Lakini tulimwona mvulana akivuka, na tope likamfika magotini. Mnyororo huuma kile ambacho gurudumu limekikanyaga. Tumbo la gari likikalia tope, magurudumu huning'inia bure, hata ungeyafunga kwa dhahabu. Tulishauriana kitambo. Barafu ilikuwa bado ipo. Kijiji kilikuwa mbele kwa kilometa sita.

Tukaliacha gari juu ya ardhi kavu chini ya mti, mwalimu akabaki kulilinda. Muuguzi na sisi tukavua viatu. Vijana wawili wa jirani walilibeba sanduku mabegani kwa ubao, tukavuka dembo kwa miguu, halafu tukapewa baiskeli. Tulifika jua likikaribia kutua. Kina mama walikuwa wangali wameketi barazani mwa zahanati. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Kipimajoto kilisema nyuzi 7. Muuguzi alifungua sanduku, akainua kipande cha barafu kilichobaki, chembamba kama kioo, na watoto wakakizunguka kukigusa. Hiyo ndiyo barafu pekee iliyoonekana katika safari yote ya minyororo ya theluji.

Siku ya tatu tulirudi Kolwezi. Kabla ya kugusa lami tuliivua minyororo, kwa kuwa juu ya lami hukatika upesi na kuiharibu barabara. Mwalimu aliiosha kwa maji safi, akaikausha, akaipaka mafuta isishike kutu, akairudisha katika kijisanduku chake. Juu ya kifuniko alibandika karatasi yenye maneno haya: “Ubavu 22. Juu 41. Si mchangani, si dembo.” Kisha alikwenda kwa yule mzee na kuku mmoja.

Msomaji mpenzi, huenda wewe hutasafiri katika njia za Lualaba. Huenda mwanao yuko Ulaya au Marekani kwa masomo au kazi, na mwaka huu atanunua gari lake la kwanza na kuliendesha katika theluji. Mwandikie asihukumu mnyororo kwa unene wake dukani. Ainame kwanza, atazame nyuma ya gurudumu, mahali pasipoonekana na mpita njia, apime kwa rula. Nasi tunaokaa huku, ambako shaba na kobalti hupita kila siku zikienda kutengeneza magari ya watu wengine, tuna magari machache na njia ngumu. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuharibu hata moja kwa uvivu wa kupima. Udongo wa kufinyanga tunao tele.